Magemu ya kurusha risasi kwenye simu nchini Ujerumani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu soko lake

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya watengenezaji wa magemu wa Afrika Mashariki wanaolitazama soko la Ulaya, wanafunzi wa biashara ya dijitali, na Waswahili waishio Ujerumani ambao watoto wao wanashinda kwenye simu. Maswali ni yale ninayoulizwa mara nyingi zaidi, na pale ambapo jibu ni maoni yangu nimesema hivyo.

Kwa nini Ujerumani, na si nchi nyingine ya Ulaya?

Kwa ukubwa wake kwanza. Ujerumani ina watu takriban milioni 84, na kwa mapato ya magemu ya kila aina iko mstari wa mbele barani humo pamoja na Uingereza na Ufaransa. Chama cha sekta hiyo, kinachoitwa game na chenye makao Berlin, kilihesabu karibu euro bilioni 10 zilizotumika mwaka 2023 kwa magemu, mashine za kuchezea na vifaa vyake. Simu ndiyo chombo chenye wachezaji wengi kuliko kompyuta au PlayStation: zaidi ya watu milioni 20.

Sababu ya pili ni sheria. Ni vigumu kupata nchi nyingine kubwa ya Ulaya iliyobishana kuhusu magemu ya bunduki kwa muda mrefu na kwa uchungu kama Ujerumani. Ukilielewa soko hili, utazielewa upesi nchi jirani zake.

Gemu gani linahesabiwa kuwa la kurusha risasi? Brawl Stars nalo limo?

Hapa ndipo takwimu nyingi zinapoachana. PUBG Mobile na Call of Duty: Mobile hayana ubishi: mchezaji anashika bunduki, analenga, anafyatua. Brawl Stars la kampuni ya Supercell ya Helsinki linatazamwa kutoka juu, wahusika wake ni vikaragosi, na baadhi yao hawana hata bunduki. Hata hivyo kiini chake ni kulenga na kukwepa, na wachambuzi wengi huliweka katika kundi la risasi. Mimi pia naliweka humo. Archero na Survivor.io ya kampuni ya Habby yako mpakani, kwa sababu mhusika anarusha mwenyewe na kazi ya mchezaji ni kumsogeza tu.

Kabla hujaamini chati yoyote inayosema "kundi hili limepanda" au "limeshuka", tafuta kama Brawl Stars limehesabiwa. Kwa Ujerumani, gemu hilo moja linatosha kugeuza mwelekeo wa mwaka mzima.

Mwelekeo umekuwaje tangu 2018?

Kabla ya hapo soko lilikuwa la magemu mepesi kama Sniper 3D na la vifaru kama World of Tanks Blitz, yote mawili ya 2014. Mwaka 2018 ukabadilisha mambo. Machi iliingia PUBG Mobile, mwezi huohuo Fortnite likaanza kuonekana kwenye iPhone, na Desemba Brawl Stars likafunguliwa duniani kote. Mtindo wa kuwashusha wachezaji mia moja kisiwani hadi abaki mmoja, uliokuwa wa kompyuta, ukahamia mfukoni. Tarehe 1 Oktoba 2019 ikaja Call of Duty: Mobile, ambalo kwa makadirio ya Sensor Tower, kampuni inayochambua soko la programu za simu, lilipakuliwa mara milioni 100 duniani katika wiki yake ya kwanza.

Mwaka 2020 shule zilifungwa kuanzia Machi, vijana wakabaki nyumbani, na matumizi ya magemu yakapanda kwa kasi. Serikali nayo ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 19 hadi 16 kwa miezi sita ya mwisho ya mwaka. Agosti 13 Fortnite likaondolewa kwenye maduka ya Apple na Google, baada ya mtengenezaji wake, Epic Games, kuweka njia yake ya malipo. Wachezaji wengi wa simu walilazimika kuhama, na PUBG Mobile pamoja na Call of Duty: Mobile yalikuwa tayari yanawasubiri.

Aprili 2021 Apple ilianza kumtaka mwenye simu atoe ruhusa kabla programu hazijamfuatilia kwa ajili ya matangazo. Watu wengi walikataa. Kumtafuta mchezaji anayelipa kukawa ghali zaidi, na magemu mapya ndiyo yaliyoumia. Mwaka 2022 mfumuko wa bei Ujerumani ulifika wastani wa asilimia 6.9, nguo za wahusika wa gemu zikawa kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti, na soko zima likapunguza mwendo.

Kisha 2024 ikaleta jambo ambalo wachache walilitarajia. Brawl Stars, lenye umri wa zaidi ya miaka mitano, lilifufuka kwa nguvu kuliko lilivyowahi kuwa. Supercell ilitangaza mapato ya karibu euro bilioni 2.8 kwa mwaka huo, ongezeko la asilimia 77, na gemu hilo lilikuwa sababu kubwa. Ujerumani vijana walirudi kwa wingi. Unaweza kuliona kwenye mabasi ya shule bila kuhitaji chati.

Nikiitazama miaka hiyo yote kwa pamoja naona nusu mbili. Hadi 2020 soko lilikua kwa magemu mapya. Kuanzia 2021 limekuwa likiishi kwa magemu machache ya zamani yanayotunzwa vizuri.

Mbona magemu yenye majina makubwa yalianguka?

Apex Legends Mobile lilifunguliwa Mei 17, 2022 na kufungwa Mei 1, 2023. Call of Duty: Warzone Mobile lilitoka Machi 21, 2024 na likaondolewa madukani Mei 18, 2025. Yote mawili yalikuwa na jina, fedha na kampuni kubwa nyuma yake.

Warzone Mobile lilitaka simu yenye nguvu nyingi, na malalamiko kuhusu simu kupata moto na picha kukwama yalianza siku za mwanzo. Lakini kuna sababu nyingine inayoihusu Ujerumani hasa. Nchi hiyo ina utamaduni mkubwa wa kuchezea kompyuta. Kijana wa Köln au Leipzig anayetaka vita vizito vya nusu saa mara nyingi ana kompyuta au mashine nyumbani. Simu anaitumia kwenye treni, kwenye mapumziko ya shule, akisubiri daktari. Raundi moja ya Brawl Stars inaisha ndani ya dakika mbili au tatu, na hata mtandao ukikatika njiani, jambo la kawaida kwenye treni za huko, hasara ni ndogo. Gemu linalotaka kuwa kompyuta ndani ya simu linashindana na kompyuta iliyoko mezani, na kwa maoni yangu ndiyo maana linashindwa Ujerumani hata likifanikiwa kwingine.

Itafaa kuliangalia Delta Force, lililotoka kwenye simu duniani Aprili 2025, kwa kipimo hichohicho.

Gemu linalopakuliwa zaidi si ndilo linaloingiza fedha zaidi?

Hapana, na Ujerumani tofauti hiyo ni kubwa. Kupakua ni bure. Karibu asilimia 99 ya mapato ya magemu ya simu nchini humo hutokana na manunuzi yanayofanyika ndani ya gemu, na wanaonunua ni sehemu ndogo ya wanaocheza. Magemu mengi yanayoshika nafasi za juu za upakuaji ni ya kupita: yanatangazwa sana wiki mbili, yanaingiza vijisenti vya matangazo, yanatoweka.

Mfano ambao msomaji wa Afrika Mashariki atauelewa mara moja ni Free Fire la Garena. Kwetu linajulikana kila mtaa kwa sababu linakubali simu ya bei ndogo na haling'ang'anii bando. Brazil, India na Asia ya Kusini-Mashariki lilipata mamilioni ya watu kwa sababu hiyohiyo. Ujerumani, ambako wengi wana simu zenye kumbukumbu ya kutosha na intaneti ya nyumbani isiyohesabiwa kwa MB, faida hiyo haina uzito, na Free Fire halijawahi kuwa na nguvu huko kama ilivyo kwetu.

PUBG Mobile nalo lina hadithi yake. Ni gemu kubwa sana Uturuki na nchi za Kiarabu, na Ujerumani ina mamilioni ya watu wenye asili ya huko. Naamini sehemu nzuri ya uimara wa PUBG Mobile Ujerumani inatokana na vijana wanaocheza kikosi kimoja na binamu zao wa Istanbul au Beirut. Anayelitazama soko hili kama la Wajerumani wa lugha moja tu atakosa kuliona hilo.

Fedha zinatoka kwenye nini hasa?

Pasi ya msimu, ambayo mchezaji hulipia mara moja kisha akafungua zawadi kadiri anavyocheza. Skini, yaani mavazi na rangi za silaha. Na masanduku ya bahati, ambayo hujui kilichomo hadi ulipe. Pasi imekuwa ikichukua nafasi ya masanduku kwa sababu mnunuzi anajua anachopata. Brawl Stars liliondoa masanduku yake Desemba 2022, ingawa mwaka uliofuata likaleta zawadi nyingine za kubahatisha.

Namna ya kulipa nayo ina rangi ya kienyeji. Wajerumani wanapenda PayPal, na vijana wasio na kadi ya benki hununua vocha za Google Play, Apple au Paysafecard kwa pesa taslimu kwenye maduka kama Rewe na Rossmann. Vocha hizo ni mlango mkubwa wa fedha za watoto, hasa baada ya Krismasi.

USK ni nini, na inahusika vipi na simu?

Ni taasisi ya Berlin iliyoanzishwa 1994 inayopanga umri unaofaa kwa kila gemu: 0, 6, 12, 16 au 18. Nguvu yake ya kisheria ilitokana na msiba. Aprili 26, 2002 mwanafunzi aliyekuwa amefukuzwa shule aliua watu 16 katika shule ya Gutenberg mjini Erfurt kabla ya kujiua. Ilisemekana alikuwa akicheza magemu ya bunduki, na wanasiasa wakataka yapigwe marufuku. Sheria mpya ya ulinzi wa vijana ilianza Aprili 1, 2003, na alama za USK zikawa za lazima madukani. Mauaji ya Winnenden, Machi 2009, yaliurudisha mjadala uleule kwa hasira ileile.

Kwa simu, alama hutolewa kupitia mfumo wa kimataifa wa IARC: mtengenezaji anajaza fomu ya maswali, na Google Play ya Ujerumani inaonyesha alama ya USK tangu 2015. Mabadiliko ya sheria ya Mei 1, 2021 yaliongeza hatari za mtandaoni, kama kuzungumza na watu usiowajua na vishawishi vya kununua. Tangu Januari 2023 USK inazizingatia inapopanga umri. Kwa hiyo gemu lenye damu kidogo lakini lenye masanduku ya bahati linaweza kupewa umri mkubwa zaidi kuliko zamani.

Sheria kali zimepunguza mauzo?

Kwa maoni yangu zimebadilisha sura ya magemu kuliko ukubwa wa soko. Half-Life la 1998 liliuzwa Ujerumani likiwa na roboti badala ya askari wa kibinadamu. Kwa miaka mingi kampuni zilitengeneza matoleo maalumu yasiyo na damu kwa nchi hiyo, na ilikuwa hadi Agosti 2018 ndipo USK ilipoanza kukubali alama za Kinazi ndani ya magemu, tena kwa kuchunguza kila gemu peke yake. Katika mazingira hayo, gemu la vikaragosi lina njia nyeupe: wazazi hawalipingi na hadhira yake ni pana. Fortnite, lenye alama ya 12, lilifaidika na hilo mapema.

Kumbuka pia kwamba mchezaji wa wastani Ujerumani ana umri wa karibu miaka 38. Alama ya 16 au 18 haimzuii mtu huyo chochote.

iPhone au Android?

Android ina simu nyingi zaidi. Mwenye iPhone hulipa zaidi kwa wastani. Ukipima kimoja tu utapotoka.

Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu masoko ya dijitali imebadilisha nini?

Tangu Machi 7, 2024 Apple inalazimika kuruhusu maduka mengine ya programu kwenye iPhone ndani ya Umoja wa Ulaya. Agosti 16 mwaka huohuo Fortnite lilirudi kwenye iPhone za Ujerumani, baada ya miaka minne, kupitia duka la Epic lenyewe. Lakini kuliweka kulihitaji kupita kurasa kadhaa za maonyo, na watu wengi waliishia njiani.

Badiliko kubwa zaidi ni la kimyakimya: maduka ya tovuti. Kampuni sasa inamwambia mchezaji anunue kwenye tovuti yake, anapata ziada kidogo, na kampuni inaokoa sehemu ya ile asilimia 30 ya kawaida ya Apple na Google. Supercell inafanya hivyo waziwazi.

Basi takwimu za Sensor Tower na AppMagic zinaaminika?

Zinaaminika kama makadirio. Kampuni hizi haziingii kwenye vitabu vya Tencent, kampuni kubwa ya magemu ya Uchina, wala Supercell. Zinatazama nafasi za magemu kwenye chati za maduka, zinalinganisha na sampuli za data walizo nazo, kisha zinakokotoa. Sensor Tower ilimnunua mshindani wake data.ai mwaka 2024, kwa hiyo hata vyanzo vya kulinganisha vimepungua.

Ukisoma ripoti, uliza mambo haya. Mapato yaliyotajwa ni kabla au baada ya makato ya duka? Kodi imo? Malipo ya tovuti yamo? La mwisho ndilo linalonisumbua zaidi. Gemu linaweza kuonekana limeshuka kwa asilimia 20 Ujerumani wakati ukweli ni kwamba wateja wake waaminifu wamehamia duka la tovuti, ambako kamera za wachambuzi hazifiki. Na wanaohama kwanza ndio wanaotumia fedha nyingi. Kwa hiyo chati za maduka zinazidi kuwaonyesha wanunuzi wadogo na wapya, na kuwaficha wakubwa. Mimi siku hizi natazama zaidi muda ambao gemu limekaa kwenye chati ya mapato bila kutoka. Miezi 24 mfululizo katika mia moja bora inanieleza mengi kuliko kilele cha wiki moja.

Wajerumani wenyewe hawatengenezi magemu haya?

Kidogo sana. Crytek ya Frankfurt ilitengeneza Far Cry na Crysis, kazi kubwa za risasi, lakini za kompyuta. Kampuni zao za simu, kama InnoGames ya Hamburg na Wooga ya Berlin, zilijijenga kwa mikakati, mafumbo na magemu ya utulivu. Fedha za risasi za simu Ujerumani huondoka kwenda Uchina na Ufini, na hata Supercell inamilikiwa kwa sehemu kubwa na Tencent tangu 2016.

Mtoto wangu hapa Ujerumani amenunua vitu kwenye gemu bila ruhusa. Nifanye nini?

Andika barua ya kupinga mapema, kwa duka na kwa kampuni ya gemu. Kwa sheria ya kiraia ya Ujerumani, mtoto chini ya miaka 7 hawezi kuingia mkataba. Kuanzia 7 hadi kabla ya 18, mkataba unahitaji ridhaa ya mzazi, isipokuwa amelipa kwa pesa ya matumizi aliyopewa, kwa mujibu wa kifungu cha 110. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba mama hakuwajibika kulipa zaidi ya euro 1,200 ambazo mwanawe wa miaka 13 alizitumia kwa kupiga namba ya malipo ili kupata vitu vya gemu.

Lakini ukimwachia mtoto akaunti yako yenye kadi ndani na hukuweka nywila ya malipo, kesi inakuwa ngumu. Weka nywila leo. Ukikwama, ofisi za ushauri wa walaji, Verbraucherzentrale, ziko kila jimbo.

Mtengenezaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuingia soko hili?

Anaweza, akichagua uwanja wake. Kupambana na PUBG Mobile uso kwa uso ni kumaliza mtaji. Kuna nafasi kwa gemu dogo lenye raundi fupi, sura isiyofanana na nyingine, na bei ya wazi. Kenya ilishatoa gemu la risasi la Nairobi X mwaka 2015, kutoka Black Division Games, kwa hiyo ujuzi si mgeni kwetu.

Tafsiri ya Kijerumani ifanywe na mtu anayecheza magemu, maana Wajerumani hukasirishwa na tafsiri ya mashine na huandika hivyo kwenye maoni ya nyota moja. Fomu ya umri ijazwe kwa ukweli. Sheria ya data ya 2018 ya Umoja wa Ulaya inakuhusu hata ukiwa Mwanza, mradi wachezaji wako wako huko. Apple na Google hukata asilimia 15 kwa wadogo, chini ya dola milioni moja kwa mwaka. Na tumia seva za Frankfurt, moja ya vitovu vikubwa vya intaneti duniani. Seva iliyo mbali hufanya risasi zichelewe, na mchezaji hataki kujua sababu, anafuta tu.

Takwimu mpya hutoka lini?

Chama cha game hutoa hesabu za mwaka uliopita katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na za nusu mwaka karibu na maonyesho ya Gamescom mjini Köln, kila Agosti. Utafiti wa JIM kuhusu vijana wa miaka 12 hadi 19 hutoka kila mwaka, kwa kawaida Novemba, na ni wa bure. Huo ndio ninaoupenda zaidi, kwa kuwa unawauliza vijana wenyewe wanacheza nini.